Mioto mitatu ndani ya glasi moja

Kigoma ukiagiza bia, hujakaa vizuri kwenye kiti mhudumu ameshakuuliza: "Ya moto au ya baridi?" Mgeni wa nje hushtuka, akadhani kuna mtu anachemsha bia jikoni. Sisi tunajua "ya moto" ni ile iliyokaa kwenye kreti bila kuiona friji, na tunajua wanaoiagiza ni akina nani: wazee, wenye mafua, na watu wa Guinness. Zamani nilikuwa nawacheka. Siku hizi siwacheki, na sababu ni chupa moja nyeusi ya mililita 500 ambayo shemeji yangu aliitoa Marekani ikiwa imevalishwa soksi tatu ndani ya begi, akaifikisha barazani kwangu Mwanga, hapahapa Kigoma, ikiwa nzima.

Lebo ilisema ni stauti, yaani bia nyeusi nzito, ya kahawa, iliyolazwa kwenye pipa la wiski, kilevi asilimia 13. Tulikuwa wanne. Nikaitoa kwenye friji, nikamimina, tukaonja. Shemeji akasema kahawa. Mke wangu akasema hapana, hiyo ni vanila, ile ya kwenye keki. Jirani yetu, mzee mstaafu wa reli, akaizungusha mdomoni, akameza, akaiweka glasi chini. "Mwanangu," akaniambia, "hili ni jivu." Mimi nilikuwa nimeona konyagi.

Tulibishana kidogo, kisha tukaacha kwa sababu ya chakula. Lakini ubishi ule ulinikaa, nikaanza kuuliza na kusoma, na nilichokuta ni kwamba hakuna aliyekosea. Bia ile imepita kwenye moto mara tatu. Nafaka yake ilikaangwa, pipa lake lilichomwa, kahawa yake ilikaangwa. Kila moto uliwashwa mahali pake na watu wake, kwa nia yake, halafu yote mitatu ikakutana kwenye chupa moja. Anayeonja bia ya namna hii kazi yake ni kuiuliza kila ladha inayopita: wewe umetoka moto upi?

Moto wa kwanza ndio unaodanganya zaidi. Shayiri ya bia huloweshwa, huachwa ichipue, kisha hukaushwa. Huo ni utengenezaji wa kimea, na yeyote aliyekua kwenye nyumba inayopika pombe ya mtama au ulezi hahitaji kuelezwa. Kimea cha bia ya kawaida hukaushwa kwa joto la nyuzi 80 au 90 hivi, kinabaki na rangi ya majani makavu, na bia inatoka ya njano. Kwa stauti, sehemu ya shayiri hupelekwa mbali zaidi, hadi nyuzi 220 na ushee, mpaka punje zinakuwa nyeusi. Wala haihitajiki nyingi. Sehemu moja katika kumi ya nafaka yote, au pungufu ya hapo, inatosha kuifanya bia isipenye hata mwanga wa taa.

Sasa, kahawa nayo hukaangwa mpaka kati ya nyuzi 200 na 230. Joto ni lilelile, na ndani ya punje mnakuwa na mambo yaleyale: sukari na protini zinashikana, zinavunjika, zinazaa mamia ya harufu, miongoni mwao kundi linaloitwa pairazini, ambalo pua ya binadamu hulijua kama harufu ya kitu kilichokaangwa. Karanga zinalo. Ukoko wa mkate unalo. Ndiyo maana stauti ambayo haijawahi kukutana na kahawa maishani mwake bado inanukia kahawa. Guinness haina kahawa ndani yake, na bado ukimfunga mtu macho anaweza kukutajia kahawa kabla ya bia.

Undugu huo una historia yake. London ya karne ya 18 ilikuwa inakunywa bia ya kahawia iitwayo porta, na porta iliyokuwa na nguvu kuliko nyingine ndiyo iliyoitwa stauti. Neno lilikuwa sifa tu, kama sisi tunavyosema chai "nzito". Mwaka 1817 Mwingereza aitwaye Daniel Wheeler akapata hataza ya kukaanga kimea ndani ya silinda ya chuma inayozungushwa juu ya moto, kwa namna ileile ambayo kahawa ilikuwa inakaangwa. Kuanzia hapo weusi wa stauti ukawa na chanzo kinachopimika. Kwa hiyo mtu akisema stauti inafanana na kahawa, hasemi kwa mafumbo. Zimetoka kwenye chombo cha aina moja.

Jivu la jirani yangu linatoka hapo pia. Shayiri iliyokaangwa sana ina uchungu mkavu na kauchachu fulani, na bia ikiwa ya baridi sana uchungu huo unabaki peke yake jukwaani. Baridi hubana harufu, hupunguza utamu ulimini, na uchungu haufichiki. Mzee alikuwa ameonja glasi iliyotoka kwenye friji sekunde chache zilizopita. Alipewa jivu, akasema jivu.

Moto wa pili ni wa pipa, na hapa kwanza tuelewane kuhusu neno. Mwaloni ninaouzungumzia ni mti. Nasema hivyo kwa sababu nilipoanza kumweleza jirani kwamba bia ile "ilikaa mwaloni mwaka mzima", aliniuliza ilikuwa inasubiri boti gani. Kwa mtu wa Kigoma mwaloni ni ufukweni Kibirizi, kwenye dagaa na maboti ya kwenda Gombe. Mti huo hatuna. Huo mweupe wa Marekani una sifa moja kubwa: vishimo vya ndani ya mbao yake hujiziba vyenyewe, kwa hiyo ukitengeneza pipa halivuji, ila linapumua.

Wamarekani wana wiski yao iitwayo Bourbon, na sheria ya nchi inataka ilazwe kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani. Kipya. Pipa likishatumika mara moja, kwa Bourbon limekwisha kazi. Matokeo yake kila mwaka kuna mapipa mengi mno ya lita 200 hivi, mazima, yananukia vizuri, na mwenyewe hana tena matumizi nayo. Mengi huenda Uskoti kulazia wiski ya huko. Miaka ya 1990, kiwanda kidogo cha bia cha Chicago kiitwacho Goose Island kikachukua mapipa yaliyotoka kwa watengenezaji wa Bourbon Jim Beam, kikajaza stauti nzito, na mtindo huo ukasambaa. Ukiniuliza, nitasema bia hii imezaliwa na kipengele cha sheria kuliko na ndoto ya mpishi yeyote.

Pipa huchomwaje? Hupulizwa moto ndani kwa muda usiofika hata dakika moja, mbao ikawaka, ikazimwa. Ukuta wa ndani unakuwa mkaa mtupu. Watu wengi wanadhani ladha inatoka kwenye mkaa huo, na mimi nilidhani hivyo. Lakini mkaa ule kazi yake kubwa ni kuchuja, kunyonya harufu mbaya za pombe changa. Ladha inakaa nyuma yake. Fikiria sufuria ya wali ulioungua: chini kabisa kuna kilichoshika na kuwa cheusi, hicho hakiliki, lakini juu yake kuna ukoko wa kahawia ambao watoto wanaugombania. Pipa nalo lina ukoko. Nyuma ya mkaa kuna tabaka jekundu la mbao iliyopata joto bila kuwaka, na humo sukari za mbao zimegeuka karameli. Lignini, kitu kinachoupa mti ugumu wake, imevunjika ikatoa vanilini, ileile inayoipa vanila harufu yake, ileile iliyomo kwenye kichupa unachonunua dukani kwa ajili ya keki. Mke wangu hakuwa anafananisha. Alitaja kemikali kwa jina lake la nyumbani.

Kuna na laktoni, ambazo hunukia nazi, na mwaloni wa Marekani unazo kuliko ule wa Ulaya. Kuna eugenoli, ambayo ndiyo moyo wa harufu ya karafuu. Na kuna tanini, zinazokausha ulimi.

Hili la chombo kuacha neno ndani ya kinywaji si geni kwetu, ila tulikuwa hatulifikirii kama elimu. Nyumba za zamani zenye mila za pwani, na Ujiji ni pwani iliyohamia ziwani, ziliufukiza mtungi ubani kabla ya kutia maji. Wafugaji hufukiza kibuyu kwa mkaa wa mti maalumu ndipo watie maziwa. Maji hayakuwekwa ubani, maziwa hayakuwekwa mkaa. Chombo ndicho kilichopewa harufu, kikaigawa polepole. Pipa ni mtungi wa lita 200.

Tofauti ni kwamba pipa limekunywa. Wiski huingizwa kwenye pipa ikiwa na kilevi kisichozidi asilimia 62.5, inakaa miaka, na sehemu yake inazama ndani ya mbao na haitoki hata ukimimina kwa kuinamisha. Bia inapoingia na kukaa miezi sita, mwaka, pengine zaidi, huivuta ile wiski iliyojificha. Konyagi yangu ilitoka hapo. Na kwa kuwa pipa linapumua, hewa kidogo huingia, na hewa hiyo kwa kiasi hutoa ladha ya tende na zabibu kavu. Ikizidi, unapata boksi lililolowana mvua, au siki. Wadudu wa kuchachusha wanapenda sana kujificha kwenye nyufa za mbao, na pipa ni gumu kusafisha kuliko tangi la chuma. Mtengenezaji anayelaza bia kwenye mapipa ishirini huonja kila moja, mengine akayachanganya, mengine akayamwaga. Hiyo ni sehemu ya bei.

Moto wa tatu ni kahawa yenyewe, na ndio uliokuwa unanisumbua kuliko yote. Kama shayiri tayari inanukia kahawa, kahawa ya kweli inaongeza nini? Na nitaijuaje?

Swali hili nililipeleka Ujiji kwa mzee mmoja anayeuza kahawa kwa buli. Yeye bia haigusi, dini yake haimruhusu, na sikumpelekea bia; nilimpelekea swali tu. Anakaanga mwenyewe, kwenye karai, juu ya jiko la mkaa, na mwiko wake hausimami. Nikamwamkia, nikanunua vikombe viwili na kashata, kisha nikamuuliza: mzee, kahawa iliyoungua na shayiri iliyoungua mtu atazitofautishaje?

"Hazitofautishiki," alisema. "Ukiunguza, vyote ni mkaa." Akasikiliza karai kidogo. Ilikuwa inapasuka, ta, ta-ta, kama mvua ya kwanza juu ya bati. "Kahawa inalia mara mbili. Kilio cha kwanza, imeiva. Kilio cha pili, mafuta yanatoka. Ukiiacha ikapita hapo usiniite, hiyo unakunywa jiko."

Jibu lote lilikuwa humo. Kahawa ikikaangwa kupita kiasi inafanana na shayiri, na ukiitia kwenye stauti inapotea kama mtu aliyevaa nyeusi usiku. Inayojulikana ni iliyotolewa mapema, baada ya kile kilio cha kwanza, ambayo bado ina ukali wa tunda na harufu ya juu juu inayofika puani kabla bia haijafika mdomoni. Kahawa ni mbegu ya tunda, na tukisema "ladha ya kahawa" tunasahau hilo kwa sababu nyingi tunayokunywa imeshafutwa utunda wake. Kahawa ya milima yetu, ya Kalinzi na Manyovu kuelekea mpaka wa Burundi, ni arabika, na arabika iliyokaangwa kwa adabu ina utunda huo waziwazi. Kahawa ya namna hiyo sehemu kubwa hupanda meli ikiwa mbichi, tukabaki na chai yetu. Lakini hilo nisilianze leo.

Kwa hiyo kanuni niliyoipata ni hii: uchungu usiuhesabie kahawa. Uchungu una wenyewe wengi. Kahawa itafute kwenye harufu, na kwenye kauchachu ka tunda kanakokuja na kuondoka haraka.

Kuna na suala la lini inatiwa. Kama kahawa ingeingia pipani pamoja na bia na kukaa humo mwaka, ingetoka imechoka. Harufu zake ni nyepesi, zinaruka na kuoza upesi. Ndiyo maana watengenezaji wengi huitia mwishoni, bia ikishatoka pipani, kabla tu ya kufungwa kwenye chupa: ama punje nzima zinazoloweshwa ndani ya bia kwa siku chache, ama kahawa iliyosagwa na kuloweshwa maji baridi kwa saa 12 hadi 24, ikachujwa, ikamiminwa. Maji ya moto huvuta uchungu zaidi, na uchungu tayari upo wa kutosha. Kwa hiyo ndani ya chupa kuna vitu viwili vyenye umri tofauti: bia ya pipani inayoweza kukaa miaka, na kahawa inayohesabu miezi. Wanaoihifadhi kabatini wakisubiri iive wanaitunza stauti na kuizika kahawa.

Kahawa ikizeeka humo, wengine hulalamika kwamba bia inanuka pilipili hoho. Nilicheka niliposikia, kisha nikaacha kucheka, maana kwenye kahawa ukanda wetu tuna ndugu wa tatizo hilo. Kahawa za Maziwa Makuu, hasa za Rwanda na Burundi, zinajulikana kwa kasoro inayoitwa ladha ya kiazi: punje moja tu inaharibu kikombe kizima, kikanuka viazi vibichi. Inahusishwa na kunguni wa kahawa, yule anayetoboa tunda likiwa bado mtini. Kemikali inayohusika ni pairazini, na ile inayoipa hoho harufu yake ni ndugu yake wa karibu mno. Mkulima wa Manyovu anayepambana na kunguni na Mmarekani anayelalamikia hoho kwenye bia yake wananusa ukoo mmoja.

Turudi mezani. Kiswahili chetu kina maneno mazuri ya kuonjea, ila tuna neno moja linalotuharibia: "kali". Pilipili kali, ndimu kali, pombe kali, chai kali. Nne tofauti kabisa. Ukitaka kuifumbua bia hii, lipumzishe neno hilo jioni moja. Uchungu ni wa mwarobaini: upo kwenye hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, kwenye shayiri nyeusi na kwenye kahawa. Uchachu ni wa ukwaju: kahawa na shayiri, au wadudu wa pipani kama mambo yameharibika. Ukakasi ni ule wa ndizi mbichi au bibo la korosho, ulimi unakauka na mashavu yanavutwa ndani, na huo mara nyingi ni wa tanini za pipa. Ukakasi si ladha hasa, ni mguso, na ndiyo maana unabaki hata baada ya kumeza. Halafu joto la kifuani, hilo ni kilevi, halina mjadala.

Sisi tulirudia zoezi, maana chupa haikuwa imeisha. Glasi zilikuwa zimekaa mezani wakati tunakula migebuka, kama nusu saa, na bila kukusudia tukawa tumeifanyia bia ile jambo ililokuwa inalitaka tangu mwanzo. Stauti nzito ya pipani huonjwa ikiwa na nyuzi 12 hadi 14 hivi. Friji ya nyumbani ni nyuzi 4 au 5. Jioni ya Kigoma huizidi mbali, kwa hiyo glasi inapita kwenye kiwango hicho muda si mrefu, na ukichelewa zaidi kilevi kinaanza kupanda puani na kufunika kila kitu. Wale wa "ya moto" wako karibu na ukweli kuliko sisi wa "baridi sana", ila kwa chupa ya asilimia 13 hata wao wangevuka mstari. Jibu sahihi kwa mhudumu lingekuwa "ya katikati", na sijui angeniletea nini.

Safari hii tulinusa kwanza. Kahawa ilikuwa juu, mbele ya wote, na mke wangu akaikubali. Kisha mdomoni utamu ukaja, mzito, karibu na chokoleti, ambao mara ya kwanza haukuwepo kabisa, au ulikuwepo umeganda. Vanila na nazi zilikuja nyuma ya utamu. Jivu lilikuwa limesogea mwisho kabisa, limekuwa dogo, kama lile la kwenye ncha ya muhindi wa kuchoma. Jirani alikunywa kimya. "Limepoa," alisema mwishowe. Alimaanisha jivu, maana bia ndiyo kwanza ilikuwa imepata moto.

Neno moja la kiasi, kwa sababu chupa hizi zinadanganya kwa utamu wake. Mililita 500 za asilimia 13 zina mililita 65 za kilevi kitupu. Bia ya kawaida ya asilimia 5, chupa ya ukubwa uleule, ina 25. Kwa hiyo anayemaliza chupa hii peke yake amekunywa zaidi ya bia mbili na nusu, na kahawa iliyomo haitamsaidia. Itamfanya awe macho, ulevi wake uko palepale. Sisi wanne tulipata kama mililita 125 kila mmoja, na zilitosha. Ni kinywaji cha kugawana.

Glasi hatukuziosha usiku ule, umeme ulikatika. Asubuhi shangazi wa mke wangu, aliyekuwa amefika na treni usiku, alikuta zimekauka juu ya meza ya barazani, kila moja na kijipete cheusi chini. Kahawa ilikuwa imeondoka yote. Jivu nalo sikulipata. Shangazi aliinua moja, akaisogeza puani, akauliza nani amezaliwa, mbona kuna keki na hajawekewa kipande.